Jean-Bosco Mwenda: mtunzi wa Katanga na safari ya "Masanga" hadi gitaa la klasiki

Jean-Bosco Mwenda, ambaye baadaye alijulikana pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke, alikuwa mtunzi wa nyimbo na mpiga gitaa kutoka Katanga, kusini-mashariki mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alizaliwa mwaka 1930 na kufariki katika ajali ya gari mwezi Septemba 1990. Nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili, akijisindikiza mwenyewe kwa gitaa moja kavu, bila ngoma wala bendi. Wimbo wake mmoja, "Masanga", umeandikwa kwa noti, umechambuliwa na wanazuoni na umepigwa na mmoja wa wapiga gitaa la klasiki mashuhuri zaidi duniani.

Makala haya yanaeleza maisha ya mtunzi huyo, namna alivyopiga gitaa lake, na yaliyotokea wimbo wa mitaani ulipohamishiwa kwenye gitaa la nyuzi za nailoni. Wimbo huo ulipovuka ulipata heshima na wasikilizaji wapya. Hata hivyo, kitu kimoja kiliachwa nyuma, nacho ni maneno ya Kiswahili.

Bunkeya na miji ya shaba

Mwenda alizaliwa Bunkeya, mji uliokuwa makao makuu ya mtawala Msiri katika karne ya 19. Msiri na watu wake walitoka Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, wakafuata njia za biashara ya shaba na pembe za ndovu hadi Katanga, na huko wakajulikana kwa jina la Bayeke. Msiri aliuawa mwezi Desemba 1891, katika makabiliano na msafara uliotumwa kuitwaa nchi yake kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwenda lilikuwa mojawapo ya majina ya Msiri mwenyewe, na limeendelea kuwa jina la watawala waliomfuata. Kwa hiyo mpiga gitaa alipojiita Mwenda wa Bayeke, kila mtu wa Katanga alielewa anakotoka.

Hata hivyo, muziki wake haukukulia katika baraza la mtawala. Ulikulia katika miji ya migodi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910. Kampuni hiyo ilihitaji wafanyakazi wengi kuliko wale waliopatikana karibu. Ilitafuta watu Kasai, Maniema na Rhodesia ya Kaskazini, na katika miaka ya 1920 iliajiri pia watu kutoka Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo. Katika kambi za kampuni, watu wa makabila mengi waliishi nyumba kwa nyumba, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Kiswahili hicho si kile cha Unguja wala Mombasa. Msikilizaji wa pwani anaposikia "muke" badala ya mke, au "batu" badala ya watu, huenda akadhani mwimbaji amekosea. Hakukosea. Hivyo ndivyo Kiswahili cha Katanga kinavyosemwa, na mojawapo ya nyimbo zinazojulikana za Mwenda inaitwa "Kijana Muke". Msikilizaji wa Bujumbura au wa Goma huitambua lafudhi hiyo bila shida.

Katika miji hiyo, gitaa lilikuwa chombo cha kijana mwenye mshahara. Lilinunuliwa dukani kama baiskeli au saa ya mkononi, na mwenye nalo alitambuliwa kuwa mtu wa mjini. Tangu mwaka 1933 santuri za muziki wa Cuba, zile zilizojulikana kwa herufi GV, zilikuwa zimeanza kuuzwa Afrika, na wapiga gitaa wa Kongo walizisikiliza kwa makini. Walizisikiliza lakini hawakuziiga tu. Waliuchanganya muziki huo na nyimbo walizozijua tangu utotoni, na katika Katanga matokeo yake yalikuwa mtindo wa mtu mmoja na gitaa moja, tofauti kabisa na ule wa bendi za Léopoldville.

Mwaka 1952 mjini Jadotville

Mwaka 1952, Hugh Tracey alifika Katanga na mitambo yake ya kurekodi. Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alikuwa akizunguka nchi za Afrika kusini mwa ikweta akikusanya muziki, sehemu kwa ajili ya utafiti na sehemu kwa ajili ya kampuni ya santuri ya Gallo. Mjini Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, alimkuta barabarani kijana wa miaka 22 akipiga gitaa.

Nyimbo alizorekodi hapo zilikuwa pamoja na "Masanga" na "Bombalaka". Tracey, ambaye kwa kawaida alipendelea marimba na ngoma za asili na hakuwa na imani kubwa na magitaa, alimsifu Mwenda wazi. "Masanga" ilipewa tuzo ya Osborn ikiwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka, na santuri zake zilisambaa mbali zaidi ya Kongo. Kuanzia hapo Mwenda alirekodi nyimbo nyingi kwa ajili ya Gallo.

Sifa hiyo haikumgeuza mara moja kuwa mtu wa muziki pekee. Katika maisha yake Mwenda alifanya kazi za mshahara, zikiwemo za benki na za kampuni ya madini, akasimamia bendi, na hatimaye akamiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Muziki ulimpa jina. Riziki ya kila siku ilitoka pengine.

Vidole viwili

Msikilizaji anayeisikia "Masanga" kwa mara ya kwanza huuliza ni wapiga gitaa wangapi wanaosikika. Ni mmoja tu, na mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili: kidole gumba na kidole cha shahada.

Kidole gumba kilishughulikia nyuzi nene, kikitoa sauti nzito za besi ambazo katika bendi zingepigwa na ala nyingine. Kidole cha shahada kilipiga nyuzi nyembamba, kikitoa wimbo wenyewe na majibu yake. Kila kidole kilifuata mwendo wake. Besi ilipotembea kwa hatua zilizo sawa, wimbo wa juu ulianza kabla au baada ya hatua hizo, na sikio likabaki likisikia mikondo miwili inayokutana na kuachana.

Jambo hilo lina mizizi katika ngoma. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, mzunguko wa mapigo 12 unaweza kusikika kama mafungu 4 ya mapigo matatu matatu, au mafungu 6 ya mapigo mawili mawili, na wapigaji wawili wanaweza kushikilia hesabu hizo mbili kwa wakati mmoja. Wacheza ngoma hawaoni ugumu wowote hapo, kwa kuwa miguu yao huchagua hesabu moja na mabega yakafuata nyingine. Alichofanya Mwenda ni kuuweka uwezo huo wa watu wawili katika mkono mmoja.

Pia hakurudia kitu kwa namna ileile. Kila mzunguko ulipoanza upya alibadilisha kidogo: alichelewesha noti, akaongeza nyingine, au akaacha nafasi tupu mahali ambapo sikio lilikwisha kuzoea sauti. Gitaa lake halikuwa msindikizaji wa sauti ya mwimbaji tu. Alipomaliza kuimba mstari, gitaa liliuchukua, likaupanga upya na kuurudisha ukiwa umebadilika. Kwa maana hiyo Mwenda alikuwa mtunzi na mpangaji wa muziki kwa wakati mmoja, ingawa hakuhitaji karatasi.

Nairobi na majirani

Mwaka 1959 Mwenda alikwenda Nairobi, akaishi huko kwa miezi kadhaa na kusikika redioni. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kutangaza dawa ya Aspro kwa nyimbo, kwani kampuni za biashara zilikwisha kutambua kwamba gitaa na Kiswahili huuza. Edouard Masengo, mpiga gitaa mwingine mkubwa wa Katanga na mtu aliyehusiana naye kwa karibu, naye alifanya kazi Nairobi na alijulikana kwa matangazo ya Coca-Cola.

Santuri zao zilikuwa zimewatangulia. Wapiga gitaa wa magharibi mwa Kenya walijifunza mengi kwazo, ingawa hawakuwa wanafunzi watupu. Mtindo wa omutibo, unaohusishwa zaidi na George Mukabi, ulikuwa na utaratibu wake, pamoja na chupa ya soda iliyogongwa kushikilia mapigo. Wazee waliosikiliza redio katika miaka hiyo mara nyingi hukumbuka gitaa la "Wakongo" kwa ujumla, pasipo kutofautisha Mwenda, Masengo na Losta Abelo. Tofauti zipo. Anayemsikiliza Mwenda kwa makini humtambua kwa besi yake isiyotulia.

Kutoka santuri hadi karatasi

Mtu wa kwanza kuiandika "Masanga" kwa ukamilifu alikuwa David Rycroft, mwanazuoni wa muziki na lugha. Uchambuzi wake ulichapishwa kwa sehemu mbili, mwaka 1961 na 1962, katika jarida la African Music, ambalo Tracey alilianzisha. Katika kichwa cha makala yake, Rycroft alitumia neno linalomaanisha muziki unaotungwa papo hapo, yaani upigaji wa kubuni wakati wa kupiga.

Uchaguzi wa neno hilo unaonyesha ugumu wa kazi yenyewe. Anayeandika noti lazima aamue mzunguko unaanzia wapi, pigo zito ni lipi, na mstari wa kugawa mapigo uchorwe mahali gani. Mwenda hakuwahi kuhitaji kuamua hivyo. Kama noti ya juu inaweza kusikika kuwa mwanzo wa fungu moja na mwisho wa jingine, karatasi humlazimisha mwandishi kuchagua upande. Aidha, kinachoandikwa ni siku moja tu: upigaji wa mwaka 1952, kama ulivyonaswa na kipaza sauti cha Tracey. Laiti Tracey angefika wiki iliyofuata, noti zingekuwa tofauti.

Hata hivyo bila karatasi hiyo watu wengi wasingeweza kujifunza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mpiga gitaa Mwingereza John Low alisafiri hadi Shaba, jina ambalo mkoa wa Katanga ulipewa wakati wa Zaire, akiwatafuta wapiga gitaa wa miaka ya 1950 na 1960. Aliwapata, akapiga nao, na kumbukumbu zake zilichapishwa Vienna mwaka 1982. Elijah Wald, mpiga gitaa na mwandishi Mmarekani, naye alikwenda Lubumbashi kujifunza kwa Mwenda na Masengo muda mfupi kabla ya kifo cha Mwenda. Kwa hao wawili, elimu ilipita kwa njia ya zamani: mwanafunzi akikaa mbele ya mwalimu na kutazama vidole.

Gitaa la klasiki lina tabia yake

Ili kuelewa kilichotokea "Masanga" ilipohama, ni lazima kwanza kulitazama gitaa lenyewe. Gitaa kavu la Katanga lilifungwa nyuzi za chuma. Sauti yake ni kali, hudumu, na hupenya kelele za baa au za barabarani. Gitaa la klasiki hufungwa nyuzi za nailoni, zilizoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kuchukua nafasi ya nyuzi za utumbo wa mnyama. Shingo yake ni pana, sauti yake ni laini na huzimika mapema. Mpigaji hufundishwa kutumia vidole vinne vya mkono wa kulia: gumba, shahada, cha kati na cha pete.

Kuhamisha nyimbo zinazopendwa na watu kwenye gitaa hilo si jambo geni. Mhispania Francisco Tárrega, aliyefariki mwaka 1909, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupanga kwa gitaa muziki ulioandikwa kwa piano, pamoja na nyimbo zilizojulikana na kila mtu. Mwaka 1977, mtunzi wa Japani Tōru Takemitsu alitoa nyimbo 12 alizozipanga kwa gitaa la klasiki, miongoni mwazo za kundi la Beatles. Anayefanya kazi hiyo hukabiliwa na hesabu ileile kila mara: gitaa lina nyuzi sita na mkono wa kushoto una vidole vinne vya kubana, kwa hiyo kuna sauti zitakazobaki na sauti zitakazoachwa.

"Masanga" ilileta hesabu ya aina nyingine, kwa kuwa tayari ilikuwa ya gitaa moja. Noti zote zinaingia. Shida iko katika mkono wa kulia. Mpigaji wa klasiki akigawa wimbo wa juu kwa vidole vitatu, kama alivyofundishwa, mkono unapumzika na kasi inapatikana bila taabu, lakini mkazo unalainika. Kidole kimoja cha shahada kinapofanya kazi yote, kila noti hupata uzito usiolingana kabisa na wa jirani yake, na kutolingana huko ndiko kunakochezesha watu. Akifuata vidole viwili vya Mwenda, anapata mkazo huo, ila analazimika kuacha mazoea ya miaka mingi. Hakuna jibu moja sahihi. Wapo wanaochagua usafi wa sauti, wapo wanaochagua mwendo, na sikio la mtu aliyekulia Likasi huenda likachagua la pili.

Mwaka 2002 John Williams, mpiga gitaa la klasiki aliyezaliwa Melbourne mwaka 1941 na kuishi Uingereza, alitoa albamu iliyojaa muziki wa Afrika, iitwayo The Magic Box. Ndani yake imo "Masanga". Williams alikuwa amefundishwa katika mkondo wa Andrés Segovia, na jina lake lilitosha kumfanya mpenzi wa muziki wa klasiki asikilize kitu ambacho asingekitafuta mwenyewe. Kwa namna hiyo kazi ya kijana wa Jadotville iliingia katika nyumba ambazo hazikuwa zimewahi kusikia neno Katanga, isipokuwa katika habari za vita vya kujitenga vya mwaka 1960 hadi 1963.

Albamu hiyohiyo ina kazi ya Francis Bebey wa Cameroon, ambaye maisha yake yanatoa mfano wa kulinganisha. Bebey, aliyezaliwa Douala mwaka 1929 na kufariki Paris mwaka 2001, alikuwa mtunzi wa nyimbo, mwandishi wa riwaya, mtangazaji wa redio na mfanyakazi wa UNESCO. Alilipenda gitaa la klasiki na alilipiga mwenyewe. Alichukua mapigo na nyimbo za kwao akaziandikia gitaa hilo, na wakati huohuo akatunga nyimbo za kuchekesha zilizoimbwa mitaani, kama "Agatha". Bebey alivuka mwenyewe kwa miguu yake, akichagua la kubeba na la kuacha. Mwenda alivushwa na watu wengine, na kwa kiasi kikubwa baada ya kufa.

Maneno yaliyoachwa

Gitaa la klasiki katika ukumbi ni ala ya mtu asiyeimba. Mpigaji hukaa, mguu wa kushoto juu ya kibao kidogo, na ukumbi hunyamaza. Kwa hiyo wimbo unapopangwa kwa ajili yake, sauti ya mwimbaji ndiyo ya kwanza kuondolewa. Pengine melodia yake hubaki ikipigwa na nyuzi nyembamba. Maneno hayana pa kukaa.

Kwa mpenzi wa gitaa wa London au Tokyo, hasara hiyo haionekani, kwa sababu hata santuri ya mwaka 1952 aliisikiliza bila kuelewa neno. Kwa wasikilizaji wa Kiswahili hali ni nyingine. Nyimbo za Mwenda zilizungumza na watu waliomjua: wanaume waliolipwa mwisho wa mwezi, wanawake waliohamia mjini, wazazi na watoto. Majina yake yenyewe yanaonyesha hivyo: "Mama na Mwana", "Bibi Theresa", "Watoto Wawili". Mwimbaji wa gitaa kavu alikuwa jirani anayesema jambo, na gitaa lilikuwa njia ya kuwafanya watu wanyamaze wasikie. Katika toleo la ukumbini, njia imebaki na jambo lililosemwa halipo.

Si haki kuwalaumu waliopanga wimbo huo. Wao ni wapiga gitaa, na walichukua kile ambacho mikono yao ingeweza kukibeba. Isitoshe, jina la Mwenda wamelitaja, jambo ambalo halikufanyika kwa watunzi wengi wa Afrika wa miaka hiyo, ambao nyimbo zao ziliandikwa kuwa "za asili" na zikawa za kila mtu. Lakini kwa miaka zaidi ya 60, sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu Mwenda imeandikwa kwa Kiingereza na inahusu vidole vyake. Yaliyoandikwa kwa Kiswahili kuhusu alichokisema kwa Kiswahili ni machache mno.

Suala la jina lina upande wa sheria pia. Mkataba wa Berne unaoongoza haki za watunzi unataka kazi ilindwe kwa maisha yote ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Mwenda, aliyefariki mwaka 1990, hesabu hiyo inafika mwisho wa mwaka 2040. Katika nchi nyingi za Ulaya muda wa kawaida ni miaka 70. Kwa hiyo anayetaka kuchapisha mpangilio mpya wa wimbo aliotunga Mwenda, hata uwe wa gitaa peke yake bila maneno, anagusa kazi ambayo bado ina mwenyewe.

Miaka ya mwisho

Mwenda hakusahaulika kabisa alipokuwa hai. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la muziki wa asili la Newport nchini Marekani. Mwaka 1982 alifika Ulaya, kwa jitihada za Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki wa Afrika kutoka Austria. Nyumbani, muziki wa bendi za magitaa ya umeme ulikuwa umelifunika gitaa kavu tangu miaka ya 1960, na vijana wa Lubumbashi walicheza rumba na soukous kutoka Kinshasa.

Mwaka 1988 alikwenda Cape Town, na huko alirekodi upya nyimbo zake katika studio. Kampuni ya Rounder ya Marekani ilitoa kazi hiyo mwaka 1994, miaka minne baada ya kifo chake. Hizo ni rekodi za mtu wa karibu miaka 60, sauti ikiwa nzito zaidi na mikono ikiwa na utulivu ambao kijana wa Jadotville hakuwa nao. Anaimba, kwa Kiswahili cha Katanga, na gitaa linajibu.

Rekodi za mwaka 1952 zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 na ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, Afrika Kusini. Baadhi yake zimetolewa tena na kampuni ya SWP ya Uholanzi, pamoja na za wapiga gitaa wengine wa kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia. Katika rekodi hizo "Masanga" inasikika ikiwa na sauti ya aliyeitunga.